Cepheus na swali la kupandisha dau: tathmini ya programu ya poka

Kwa anayecheza poka ya dau lenye kikomo, yaani ile ambayo kiasi cha kila dau hupangwa kabla karata hazijagawiwa, kinachosumbua zaidi si karata mbovu, kwa kuwa hizo hutupwa, bali ni lini apandishe dau akiwa ameshika karata nzuri. Raundi mbili za mwanzo huchezwa kwa dau dogo na mbili za mwisho kwa dau maradufu, hivyo anayeharakisha kupandisha huongeza kidogo tu mezani na wakati huohuo hujitangaza. Nimeitumia Cepheus kwa wiki kadhaa kwa ajili ya swali hilo moja.

Programu hii ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada wakiongozwa na Michael Bowling, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Science Januari 2015. Vichakataji 4,800 vilifanya kazi kwa siku 68, programu ikicheza dhidi ya nafsi yake, hadi mkakati wake ukakaribia ukamilifu kiasi kwamba mtu akicheza nayo maisha yake yote bila kukosea, bado hatakuwa na hakika ya kitakwimu kwamba ameishinda. Iliwekwa mtandaoni ili umma ucheze nayo, au uiulize ingefanya nini katika hali fulani.

Jibu lililonishangaza linahusu jozi ya ree. Mgawaji akipandisha dau katika raundi ya kwanza, na mpinzani akapandisha juu yake, mgawaji hubaki na nafasi ya kupandisha mara ya mwisho inayoruhusiwa. Mimi nilikuwa nikiitumia nafasi hiyo bila kufikiri kila niliposhika ree mbili. Cepheus huitumia chini ya mara moja katika 10,000, na jozi inayoelekea zaidi kupandishwa hapo ni ya karata za mbili, tena kwa asilimia 0.06 tu.

Nililielewa jambo hili mchezoni. Nilikuwa mgawaji, nina ree ya kopa na ree ya shupaza; nikapandisha, ikapandisha juu yangu, nikafuata tu, yaani nikalipa dau lake bila kuongeza. Zikafunuliwa mezani, kwa matumizi yetu sote wawili, tisa ya pau, nne ya uru na mbili ya kopa; ikaweka dau, nikafuata tena. Katika raundi ya tatu ikaweka dau kubwa, na hapo ndipo nilipopandisha, ikalipa. Ilikuwa na tisa mkononi. Kupandisha mapema kungeniongezea dau dogo moja. Kule kungoja kuliniongezea dau kubwa, ambalo ni sawa na madau madogo mawili, kwa sababu mgawaji huamua wa mwisho katika raundi tatu zinazofuata na mpinzani hakuwa na habari ya nguvu yangu.

Hata hivyo, ninamsihi msomaji asiupeleke ushauri huu kwenye meza ya watu tisa. Cepheus ilitatua mchezo wa watu wawili tu, na haibadiliki ili kunyonya udhaifu wa mpinzani anayefuata kila dau. Penye wachezaji watano wanaopenda kuona karata, ree mbili hupandishwa papo hapo, kwa kuwa kila mmoja analipa, na anayengoja huwaacha wanaotafuta karata moja ya kukamilisha mkono waipate kwa bei nafuu. Pia programu hutoa uwezekano wa kila uamuzi bila sababu zake, hivyo anayeanza atahitaji mtu wa kumfafanulia.

Kwa anayecheza ana kwa ana na mpinzani mmoja, na ambaye tayari anazijua kanuni, sijaona mwalimu mzuri zaidi wa raundi ya kwanza. Anza na jozi za chini, za tatu na nne: huko Cepheus hupandisha juu ya mpinzani mara nyingi zaidi kuliko wachezaji wengi wanavyothubutu.