Meli ya kitalii Mumbai, Kochi, Goa: meli yenyewe safi, nchi kavu ndo wanakupunja

Watu kama kumi pale Mwaloni, sokoni kwetu kwa dagaa, wameshaniuliza ile safari ya meli ya India inalipa au hailipi, nimechoka kurudia kwa mdomo, naandika hapa mara moja.

Huku Mwanza tukisikia mtu kaenda India tunajua mawili, kaenda hospitali au kafuata mzigo. Mimi nilienda kwa hilo la kwanza, nilimsindikiza shangazi akatibiwe magoti, akatibiwa, akafanyishwa mazoezi wiki sita, daktari akasema huyu sasa ruksa kutembea taratibu. Tiketi ya kurudi ilikuwa bado siku 9 na chumba cha kupanga kinakula hela kila kukicha, ndo mdogo wangu wa Dar akatuokotea hii meli kwenye simu. Usiku 4. Unapanda Mumbai Alhamisi, Kochi Jumamosi, Goa Jumapili mchana, Jumatatu asubuhi umerudi Mumbai. Tulitoa kama milioni moja na laki nne kwa kichwa, chumba cha ndani kisicho na dirisha, chakula humo humo.

Shida ilikuwa shangazi. Hajakanyaga meli tangu Mei 1996 ilipozama MV Bukoba, na mtu wa Mwanza simwelezi zaidi. Mpaka leo akienda msibani Bukoba anazunguka na basi. Nikamwambia shangazi hii ina ghorofa 11, akaniangalia, "Mwanangu, hata ile ilikuwa na ghorofa." Nikanyamaza. Kilichomlainisha wala sio mimi, ni lile zoezi la kabla ya kung'oa nanga, watu wote mnaitwa, mnaoneshwa boya linavaliwaje na mnasimama wapi kukitokea la kutokea, halafu wanapita na orodha jina kwa jina, asiyekuwepo anafuatwa chumbani. Shangazi alisimama kwa magoti yale yale mabovu mpaka jina la mwisho. "Kumbe watu wanahesabika," akasema, akaenda kulala. Hapo meli nimeipa maksi zote.

Ila getini walitunyang'anya dagaa. Mfuko wa kilo mbili wa kukaanga, tumetoka nao Kirumba, tumevuka nao Dar, tumekaa nao Mumbai miezi miwili tukila kwa kudonoa, mlinzi kafungua kanusa kaita mwenzie naye kanusa, wakasema chakula cha nje hakiingii, wakaufunga karatasi yenye namba wakauweka stoo. Jiandaeni kisaikolojia. Ndani ni wali, dengu, paneer (jibini lao), chapati za kila aina, samaki wapo ila wamezamishwa kwenye mchuzi mpaka humjui. Ugali sahau. Soda na maji ya chupa unalipia, na kila siku wanakukata hela ya huduma ambayo kwenye bei ya kwanza hukuiona, ulizeni mapema.

Mumbai tulishaitembea siku moja kabla, kwa hela yetu, na ninyi fanyeni hivyo hivyo maana meli haikupi nafasi. Gateway of India lipo ufukweni kabisa, lango la mawe la urefu wa mita 26, lilijengwa kumkumbuka mfalme George wa 5 wa Uingereza aliyefika 1911 lakini lilikamilika 1924, yaani mgeni alishaondoka miaka 13 mlango ndo unamalizika. Kilichonichekesha ni kwamba 1948 kikosi cha mwisho cha jeshi la Waingereza kilitokea hapo hapo kikaaga. Kuna ile stesheni kubwa pia, ilikuwa inaitwa Victoria, ya 1888, jina la malkia yule yule aliyebandikwa kwenye ziwa letu. Wenzetu 1996 wakaibadilisha ikawa ya Shivaji, mfalme wao wenyewe wa zamani. Sisi ziwa bado.

Hapo Gateway unapanda boti, kama saa zima, mpaka kisiwa cha Elephanta. Ngazi 120 hivi za kupanda. Vijana wapo wanakubeba kwenye kiti, shangazi akasema habebwi kama jeneza, akapanda mwenyewe akipumzika kila kibanda cha mapambo na kila kibanda akiuliza bei bila kununua. Juu kule ni mapango ya kuchonga, yamepita miaka elfu moja na mia nne, na ndani gizani kuna sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, yenye nyuso tatu karibu mita 6 kwenda juu, haikuletwa pale wala haikuungwa, ni mwamba wenyewe umekatwa ukabaki uso. Midomo imetulia, macho yamefumba. Nilifikiria mawe yote haya ya Mwanza, sisi tunayaponda kokoto. Jumatatu mapango yanafungwa, kwahiyo usijidanganye utaenda siku ya kushuka meli.

Sasa Kochi, na hapa ndo lawama yangu yote ilipo.

Tulinunua ziara ya basi inayouzwa humo melini, masaa matano, na kwenye karatasi wameandika kabisa sinagogi la Paradesi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, la 1568, sakafu yake ya vigae vya kutoka China vilivyochorwa kwa mkono kimoja kimoja. Tunafika, kufuli. Ni Jumamosi jamani! Sinagogi Jumamosi haliruhusu watalii, hilo hata mtoto wa mafundisho analijua, na meli inafika Kochi Jumamosi kwa ratiba yao wenyewe. Kiongozi wa ziara akatuambia tupige picha ya mnara wa saa kwa nje. Nilidai nirudishiwe japo nusu, nikapewa fomu ya maoni. Nimejaza. Mpaka leo kimya.

Kanisa la Mtakatifu Fransisko tuliingia, Wareno waliliweka 1503, na ndimo alimozikwa Vasco da Gama alipofia Kochi mwaka 1524, baadae mwanawe akaja kuichukua mifupa wakaenda kuizika Ureno. Limebaki jiwe sakafuni na kizuizi pembeni. Shangazi akauliza kwahiyo tunaangalia kaburi tupu? Ndio shangazi. Ila mimi lilinigusa, maana huyu ndiye yule wa Malindi, 1498 alipewa nahodha pale akavushwa bahari mpaka huku pwani ya India, tulisomaga darasani tukidhani ni stori za mtihani.

Halafu nyavu za Kichina. Hizi zisikupite hata kama una dakika tano. Ni mitambo ya miti, mirefu kuliko nyumba, imesimama mstari mmoja ufukweni, wavu unaning'inia mbele kama chandarua kilichopinduliwa, na nyuma kuna kamba zimefungwa mawe makubwa makubwa ya kusawazisha uzito. Wanaume wanne watano wanaivuta, mawe yanashuka mmoja mmoja yakigonga mchanga, wavu unaibuka maji yakimwagika pande zote. Mimi ni mtu wa dagaa miaka 15, macho yakaenda kwenye samaki sio kwenye mtambo. Walitoka wachache, kiganja kimoja na nusu, na kaa mmoja. Nikamuuliza mzee wao kwa Kiingereza cha kuungaunga kama hiki kinalisha familia, akacheka akaonesha watalii wenye simu. Kumbe tumevuliwa sisi! Akaniruhusu nishike kamba, mkono ukaungua kama wa kuvuta kokoro, ule wavu wetu wa ziwani, nilitaka nivute tena ule wavu mzima na ndo kwanza kiongozi anapiga filimbi basi linaondoka. Dakika 20. Kwenye duka la mazulia analopewa chochote yeye tulikaa dakika 50, nilihesabu.

Kwahiyo Goa tukagoma. Tulitoka getini bandarini Mormugao tukaungana na wanandoa wa Nairobi, taksi moja watu wanne, bei ikawa chini ya nusu ya basi. Ni kama saa moja mpaka Goa ya Zamani. Shangazi anasali Nyakahoja, parokia ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, sasa mwili wa Ksaveri mwenyewe ndo upo pale, kanisa la Bom Jesus, lilitabarukiwa 1605, kwa nje jekundu halina plasta, ndani dhahabu tupu. Jeneza la fedha liko juu sana, unaliangalia kwa kuinua shingo. Hakuna aliyetuharakisha. Alikaa kwenye benchi akasali rozari nzima, mafungu yote, mimi nikavuka barabara kuangalia kanisa kuu la Sé lenye mnara mmoja, wa pili ulianguka 1776 hawakuujenga tena. Yule wa Nairobi ndo akanikumbusha kwamba enzi za Wareno, Fort Jesus, ile ngome yao ya Mombasa, amri zake zilikuwa zinatoka Goa, nikawa naangalia zile kuta kwa jicho lingine kabisa.

Meli inaondoka jioni na haimsubiri mtu, sisi tulirudi mapema saa nzima na bado kuna familia niliiona inakimbia na mabegi na mtoto kabebwa kichwa chini.

Kama utaenda, mwezi wa sita mpaka wa tisa ni masika yao na bahari inachafuka, subiri baada ya hapo. Basi la meli usinunue. Chumba cha ndani kinatosha, nani anakaa chumbani.

Nyota tatu. Ingekuwa nne bila ile kufuli. Jumatatu asubuhi tukashuka, shangazi akanyoosha moja kwa moja dirisha la stoo na kikaratasi chake cha namba, akapewa mfuko, akaufungua mbele ya mlinzi, akahesabu kwa macho, akasema wamepungua.