Bando gani ununue Lamu: la WhatsApp au la intaneti yote?

Kabla hujatazama bei, jiulize: maneno yako unawapelekea watu unaowajua, au umma? Wengi wetu hapa Lamu twazungumza na tunaowajua, na hilo ndilo lililonipa mpangilio huu.

Namba moja: bando la WhatsApp pekee

Ni rahisi kuliko la intaneti yote, na shughuli zetu nyingi zimo humo: kumuuliza nahodha kama boti ya Mokowe imeshajaa, kumtumia mteja wa Shela picha ya samaki, kukusanya michango ya harusi. Lakini kilichonifanya niliweke juu ni ujumbe wa sauti. Bibi asiyependa kuandika hubonyeza tu, akasema Kiamu chake kama kilivyo, na mjukuu aliyeko Mombasa akamsikia yeye mwenyewe, na kicheko chake. Hakuna maandishi mafupi yanayoweza kazi hiyo. Tena tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma.

Jua mipaka yake, hata hivyo. Ukifungua kiungo cha habari kilichotumwa kundini, unatoka nje ya WhatsApp, na kredi yako inaweza kuliwa bila wewe kujua. Kundi nalo huchukua hadi watu 1,024, na wenzako humo wanaiona namba yako ya simu. Dada zangu, lipimeni hilo kabla ya kuingia kundi la biashara la watu msiowajua.

Namba mbili: bando la intaneti yote, la wiki

Hili ndilo la X, iliyoitwa Twitter tangu 2006 hadi 2023. Asiyelipia huandika herufi 280 tu, nazo zatosha kueleza kwamba bomba la mtaa limekauka. Hapa hauhitaji namba ya mtu. Unaandika hadharani, na mtu wa Nairobi asiyekujua anasoma, anajibu, anawaonyesha wengine. Baada ya miezi maneno yale bado yanatafutika. Kundini, tangazo la asubuhi huwa limefunikwa na salamu kabla ya magharibi.

Video zinazojicheza zenyewe ndizo zinazomaliza bando hili. Ingia kwenye mipangilio ya X, uwashe kipengele cha kuokoa data.

Namba tatu: bando la siku

Linunue ukiwa na picha nyingi za kutuma kwa mara moja. Muda ukiisha, mabaki yamepotea.

Anayetaka kundi kubwa zaidi atasikia habari za Telegram, inayobeba hadi watu 200,000. Bando la WhatsApp halikufikishi huko, na mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi namna ile.

Mwenye vyumba vya wageni Mkomani namshauri achukue namba moja ya mwezi mzima, aongeze namba mbili Maulidi yakikaribia, wageni wanapoanza kuulizia malazi.