Mkanda wa filamu wa picha sita za Mama: nilivyoutengeneza kwa GIMP

Marehemu baba hakuwa mtu wa kupeleka filamu studio kabla haijaisha. Filamu ilikuwa ya picha 36, na zile tano sita za mwisho alizibania. Alizitunza kwa ajili ya siku ya Idi, au mgeni wa kutoka mbali, au mtoto akizaliwa. Ndipo apeleke kusafisha. Kwa hiyo Mama alipokaribia kutimiza miaka 70, nilijua ninachotaka: mkanda wa filamu wenye picha zake sita, namba 31 hadi 36, uchapwe na kutundikwa sebuleni.

Nimeutengeneza wote kwa GIMP toleo la 2.10, programu ya bure ya kuhariri picha. Kwa kazi hii naisifu kwa moyo mmoja.

Nilidhani ningeuchora mwenyewe, pamoja na vile vitundu vya kingoni, kimoja baada ya kingine, kumbe kazi hiyo ina filta yake, yaani amri iliyo tayari ndani ya programu. Iko kwenye menyu ya Filters, ndani ya Combine, inaitwa Filmstrip. Fungua kwanza picha zote ndani ya programu, la sivyo hutaziona kwenye orodha. Upande mmoja zipo picha zilizofunguliwa, upande wa pili zile zitakazoingia kwenye mkanda, na ile uliyokuwa nayo mbele inakuwa imeshaingia. Basi anzia kwenye picha yako ya kwanza, kisha ongeza nyingine kwa mpangilio wako. Sikuona kitufe cha kupandisha wala kushusha. Nilipokosea niliondoa na kuongeza upya.

Kwenye Start index, yaani namba ya kuanzia, niliandika 31. Tarakimu zinatoka kwa rangi ya chungwa juu ya weusi, na zilinikumbusha zile za kingoni mwa negativu za baba, yaani filamu zake zilizokwisha kusafishwa, ambazo rangi huonekana kinyume. Nilipoiona 36 kwenye picha ya mwisho, ilibidi niache kompyuta kwa muda.

Kilichonivutia zaidi ni vipimo. Filamu ya kamera za wakati ule ina upana wa milimita 35, na picha yenyewe ina kimo cha milimita 24, yaani 0.686 ya mkanda. Filta hii imewekewa 0.695. Ndiyo maana jicho la mtu aliyewahi kushika negativu linakubali mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kuhangaika na ukurasa wa Advanced, lakini sikugusa kitu. Ila fahamu kwamba filta haigeuzi rangi, kwa hiyo utakachopata kinafanana na filamu ya slaidi au ya sinema, inayoonyesha rangi zake halisi, si negativu.

Maandalizi ya picha ndiyo yanayokula muda. Zangu zilikuwa za karatasi, inchi 4 kwa 6, nikaziskani kwa doti 300 kwa inchi. Moja ilikuwa ya wima, na ilipoingia mkanda ulibanwa pale katikati, ukapoteza mwendo. Niliikata ikawa ya kulala kama wenzake. Nikaweka kimo cha mkanda pikseli 1800, na kwa doti 150 kwa inchi hiyo ni kama sentimita 30 kwenda juu na karibu mita mbili kwenda pembeni. Ukuta wetu unatosha.

Sasa vitundu. Vinatoka vyeupe, si vya kupenya, na mimi nilitaka khanga ya Mama niliyoipiga picha ionekane nyuma yake. Niliongeza uwazi kwa Layer, Transparency, Add Alpha Channel, nikachagua rangi nyeupe kwa Select by Color, nikafuta. Vitundu vikafunguka vyote, na shela la Mama la siku ya ndoa nalo likatoboka. Maua ya khanga yakatokea kifuani pake. Nilirudisha haraka. Njia iliyofaa ni hii: chora kwanza mstatili wa kuchagua (Rectangle Select) kwenye safu ya vitundu vya juu, bonyeza Shift uongeze na safu ya chini, halafu ndipo uchague nyeupe huku umeshikilia Ctrl na Shift pamoja. Hapo inachukua nyeupe iliyo ndani ya safu hizo mbili tu. Tangu hapo shela halikuguswa tena.

Nilihifadhi kwa PNG nikapeleka kuchapa kwenye turubai. Namba ya 34, Mama akiwa amenibeba mgongoni pale kisimani, ilitoka na giza kidogo kuliko kwenye skrini. Ningeiongezea mwanga kabla.

Siku yenyewe Mama aliusogelea, akaweka kidole kwenye tarakimu kabla hajatazama uso wake. Akasema, "Thelathini na moja. Ndizo hizi alizokuwa akizibania baba yako."