Setirizini ya kumeza au flutikasoni ya kupuliza puani?

Upepo wa kiangazi ukianza kupeperusha vumbi Dodoma, wenye mzio wa pua hukimbilia vidonge. Kwa mtu mzima, setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku hutuliza chafya, muwasho na makamasi mepesi ndani ya saa chache, wala haileti usingizi mzito kama piritoni. Pua iliyoziba, haiisaidii sana.

Kwa anayeziba pua kila siku hata kulala shida, mimi nachagua flutikasoni. Ila haiponyi siku hiyohiyo: nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki mbili, na wengi huiacha mapema. Unapoipuliza, inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza ncha ya chupa upande wa sikio, usivute kwa nguvu. Kifua kikibana pia, mwambie tabibu. Huenda ni pumu.