Apu ya mafumbo ya hesabu, naipa nyota 3
Haili bando, ila sehemu ya watoto wa kike na wa kiume ndo imenikamata kinoma. Lile fumbo la Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hesabu, la 1959: familia ina watoto wawili, angalau mmoja wa kiume, je uwezekano wa wote kuwa wa kiume? Wengi watajibu nusu, apu inasema theluthi afu inakuchorea njia zote nne, unafuta ya kike-kike zinabaki tatu, safi sana. Sasa lile la Gary Foshee, mtunzi wa mafumbo, la 2010, swali ni lile lile ila angalau mmoja ni dogo wa kiume aliyezaliwa Jumanne, wanakutupia 13/27 bila maelezo (jinsia 2 mara siku 7 ni 14, watoto wawili 14 mara 14 ni njia 196, zenye dogo wa kiume wa Jumanne ni 27, na 13 kati yake wote wa kiume, kwani siri?). Tena hawasemi umejuaje kuhusu huyo mtoto, maana ukikutana naye tu njiani kwa bahati jibu linarudi nusu. Matangazo nayo mengi mno.