Mlima Elgon: mapangoni au kileleni Koitobos?

Ukitokea Kitale na una siku moja tu, shika njia ya mapango. Pale Makingeny maporomoko ya maji yanamwagika mbele ya mlango wa pango. Kitum nalo linaingia mlimani takriban mita 200, na ukutani utaona mikwaruzo ya pembe za tembo, ambao huja usiku kuchimba chumvi. Beba tochi nzuri. Popo wa humo usiwaguse kabisa, maana wamepatikana na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua.

Koitobos, mita 4,222, ni safari nyingine: mianzi, kisha mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu, baridi kali, pumzi zinakatika. Inataka mwili uliozoea kupanda. Mimi Makingeny ndiyo inayonivuta zaidi.