Jaketi jepesi la mbizi: litie pipani kwanza, ndipo utoe pesa

Laki tisa na ushei zangu zimelala uvunguni. Jaketi la mbizi, lile linalotiwa hewa likuweke sawa majini, nililiinua dukani kwa kidole kimoja, nikasema hili ndilo. Mbizi ya kwanza nalo, kisiwani Mnemba, Zanzibar, mtungi wa hewa umebaki baa 50 za mgandamizo, nimetulia mita 5 kungoja dakika zangu tatu za usalama kabla ya kuibuka, mara napanda juu kama boya lililokatika kamba. Nahodha alicheka mpaka akakaa.

Mgongo wa jaketi lile umeshindiliwa sponji nene, na sponji inaelea. Muuzaji hakutajii hilo, anakutajia uzito wa nchi kavu tu. Kwa suti ya mbizi yenye unene wa milimita 3 nilizoea risasi, vile vipande vizito vya kuzamishia, kilo 5. Hili lilinitaka kilo 7. Wepesi uko wapi hapo?

Sasa mie rangi, mifuko na vikuku vya kutundikia sitazami. Naomba pipa la maji. Fungua vali, likamue hewa yote, lizamishe, liachie. Likikaa chini au likiinuka polepole, nunua. Likiibuka kama dafu, mrudishie mwenyewe.

Kwanza kwangu ni Scubapro Hydros Pro, na upendeleo wangu siufichi. Mgongo na mikanda yake ni ya monprini, kitu kama mpira laini kisichonyonya maji. Ukirudi kisiwa cha Misali adhuhuri, jioni unaliweka begini bila ya kunuka. Kwenye mizani yapo mepesi zaidi, na bei yake inauma, lakini risasi ninazopunguza kila siku nazijua mimi na kiuno changu. La pili ni Cressi Travelight: saizi ya kati haifiki kilo 3, linakunjika, linamfaa anayekwenda Pemba kwa vile vindege vya mzigo wa kilo 15. Mitumba ya vituo vya mbizi, jaza hewa usiku, asubuhi utazame kama imebaki.

Risasi usinunue, vituo vinatoa pamoja na mtungi. Kazi ni kuzipima. Simama majini, jaketi tupu, vuta pumzi ya kawaida uizuie: maji yakome machoni. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwani hewa ya mtungi wa lita 11 ina kilo 2 na nusu hivi, nawe utaivuta karibu yote. Tena zisirundikane kiunoni zote, miguu itazama na mapezi yatafukua matumbawe. Kilo moja ifunge kwenye mkanda wa mtungi.

Halafu hii dola! Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, na juzi dukani bado nimetajiwa jaketi kwa dola. Nikaomba shilingi, bwana akatoa simu, akazidisha kwa kiwango chake mwenyewe, laki ikaongezeka tumesimama pale pale. Haya, nikamwambia, tulitie basi kwenye lile pipa lako la nje.

Ati lile la kutawadhia.